Sura ya Saba: Chumba Kisichokuwa cha Kipuri Chochote

Injini ya pikipiki ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake hupanda na kushuka milimita 49.5. Zidisha eneo la duara kwa mwendo huo, utapata sentimita za ujazo (cc) 124.1, ndizo zilizozaa ile 125 ya kwenye jina. Viwanda vya China viliinakili injini hii kwa wingi, na vizazi vyake vikavuka bahari hadi kwetu, kiasi kwamba aliyezoea kupanda bodaboda Mwanza, Kisumu au Bukavu huenda ameshakalia mmoja wa wajukuu zake bila kujua.

Hizo 124.1 hazina ubishi. Kazi iko kwenye ujazo mwingine: nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni, pale hewa na petroli vinapobanwa kabla plagi haijatoa cheche. Tukichukua uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1, nafasi hiyo ni cc 15.5 tu, kama vijiko vitatu vya chai. Ipunguze cc moja, ibaki 14.5, na uwiano unapanda hadi karibu 9.6. Iongeze cc moja, iwe 16.5, unashuka hadi 8.5. Injini ya kwanza itaanza kugonga ikinyweshwa petroli hafifu na kupandishwa mlima na abiria wawili. Ya pili itakunywa mafuta mengi na kutoa nguvu kidogo. Mbunifu anatakiwa kuijua nafasi hii kabla alumini haijayeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, na siku hizi anaijua kwa kuiuliza kompyuta.

Sasa aulize. Amechora injini nzima kwenye programu ya CAD, kipuri kwa kipuri. Akibofya pistoni na kuomba ujazo wake, jibu linakuja papo hapo, hadi milimita ya ujazo. Silinda hedi, vivyo hivyo. Akibofya mkusanyiko wote, anapewa jumla ya metali yote iliyomo. Akitaka ujazo wa ile nafasi ya katikati, hakuna cha kubofya. Programu inayojua uzito wa kila nati haina neno lolote kuhusu mahali ambapo injini yenyewe inafanya kazi.

Si kwamba watengenezaji wa programu walisahau. Chumba kile si cha kipuri chochote. Silinda hedi ina bonde upande wa chini, basi. Silinda ni bomba lililo wazi juu na chini. Pistoni ni kipande cha alumini chenye kichwa bapa au kilichobinuka kidogo. Gasketi ni pete nyembamba, valvu mbili ni visahani vyenye fito, plagi ni kitu cha kuzibia tundu. Chunguza kimoja kimoja na hutakuta chumba popote. Kinapatikana vipuri vyote vinapokutana kwa mpangilio maalumu, na krenki ikizunguka kidogo tu kinabadilika ukubwa. Kukipima ni kupima uhusiano baina ya vitu saba au vinane, na huo ni mtihani wa aina tofauti kabisa na kupima kitu.

Ili kuuelewa mtihani huo, inafaa kujua programu inakionaje kitu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha huko MIT, kwa mfumo wake wa Sketchpad, kwamba mtu anaweza kuchora moja kwa moja kwenye skrini. Ila mchoro wa mistari hauna mwili. Kompyuta haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Ian Braid alikuwa akitafuta namna ya kuieleza kompyuta umbo lililojaa. Jibu lake lilikuwa kulieleza kwa ganda lake: nyuso, kingo ambako nyuso zinakutana, na ncha ambako kingo zinakutana, kila uso ukibeba alama ya upande upi ni metali na upande upi ni hewa. Mwaka 1978 kampuni aliyoianzisha na wenzake, Shape Data, ilitoa Romulus, mojawapo ya programu za kwanza za namna hiyo kuuzwa. Mrithi wake, Parasolid, ndiye anayekokotoa maumbo leo ndani ya SolidWorks, NX na Onshape. FreeCAD, ambayo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua bure, hutumia kitu kingine kiitwacho Open CASCADE, lakini wazo ni lile lile la ganda.

Kwa mpangilio huu, tundu lililozibwa pande zote ndani ya kipuri kimoja halina shida. Programu huliandika kama ganda la pili lililo ndani ya la kwanza, na inajua fika kwamba lipo. Chumba cha injini hakina bahati hiyo. Kuta zake zimegawanywa katika maganda ya vipuri mbalimbali, vipande vipande, na hakuna mahali popote kwenye kumbukumbu ya kompyuta palipoandikwa kwamba vipande hivyo vinafanya ukuta mmoja.

Nadhani sehemu inayopendeza kuliko zote katika habari hii ni jinsi ganda linavyogeuka kuwa namba. Mtu angedhani kompyuta hujaza umbo kwa vijichemraba vidogo na kuvihesabu. Inawezekana, na zipo programu zinazofanya hivyo. Yong Tsui Lee na Aristides Requicha wa Chuo Kikuu cha Rochester walizichambua njia mbalimbali za namna hiyo katika makala zao za mwaka 1982. Lakini njia yenye nguvu zaidi haiingii ndani kabisa. Inatembea juu ya ganda.

Chagua nukta yoyote angani, popote pale, hata nje ya umbo. Ligawe ganda lote katika pembetatu ndogo ndogo. Kila pembetatu ikiunganishwa na ile nukta inafanya piramidi nyembamba, na ujazo wa piramidi hiyo unapatikana kwa kuzidisha majira ya ncha tatu za pembetatu, yakipimwa kutoka kwenye ile nukta, kwa kanuni maalumu na kugawa kwa 6. Kisha angalia pembetatu imeelekea wapi. Kama upande wake wa nje umeipa mgongo ile nukta, jumlisha piramidi. Kama umeielekea, toa. Zunguka ganda zima. Piramidi zinazotoka nje ya umbo zitajumlishwa mara moja na kutolewa mara moja, zitajifuta zenyewe, na kitakachobaki ni ujazo halisi wa umbo, bila kupungua wala kuzidi. Ukichagua nukta nyingine, piramidi zote zitabadilika ila jumla haitabadilika. Ukweli huu umo ndani ya nadharia ya karne ya 19 inayohusishwa na majina ya Gauss na Ostrogradsky, na hadi leo naona ni jambo la kushangaza: kuzunguka mpaka peke yake kunatosha kujua kila kilichomo ndani.

Wahandisi walikuwa wakitumia ndugu wa ukweli huo kwa mkono zamani za kabla ya kompyuta. Mwaka 1854 Mswisi Jakob Amsler alibuni planimita, kifaa chenye mikono miwili na gurudumu dogo. Mtu alifuatisha ncha yake kwenye mstari wa mpaka wa umbo lililochorwa, akarudi alikoanzia, na gurudumu likamsomea eneo la ndani. Wajenzi wa meli waliipenda sana, kwa kuwa maumbo yao hayana mstari ulionyooka.

Kutokana na kanuni hiyo ya kutembea juu ya mpaka, mambo mawili yanafuata, na yote mawili huwapata watu kazini.

La kwanza ni kwamba ganda lazima liwe limefungwa kabisa. Planimita isiporudi ilikoanzia, namba yake haina maana. Na hatari ya ganda lenye tundu si kwamba kompyuta inakataa. Kanuni ya piramidi inakubali kujumlisha pembetatu zozote utakazoipa, na itatoa namba yenye desimali sita. Namba hiyo haina maana, lakini haina alama yoyote ya kuitambulisha. Kuna jaribio moja rahisi ninalolishauri kwa yeyote anayefanya kazi na maumbo ya pembetatu, kwa mfano mafaili ya STL, muundo ulioletwa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987 kwa ajili ya uchapishaji wa vitu: hamisha umbo lote milimita 500 kulia, kisha pima tena. Ganda lililofungwa litatoa ujazo ule ule. Lililo wazi kwa kawaida litatoa ujazo mwingine, kwa kuwa piramidi za upande uliokosekana hazipo za kufuta zilizozidi.

La pili linahusu pembetatu zenyewe. Duara likigeuzwa kuwa poligoni, ncha zake zikiwa juu ya duara, eneo linapungua. Silinda iliyochorwa kwa pande 24 hupoteza asilimia 1.14 ya ujazo wake. Kwa ile silinda yetu ya cc 124.1, ni cc 1.4 zinazoyeyuka pasipo mtu kugusa chochote. Kwa pande 72 upotevu unashuka hadi asilimia 0.13. Anayepima chumba kwa faili la pembetatu na aangalie kwanza lilikatwa kwa ukali gani. Programu zinazotunza uso wa mviringo kama mviringo wa kweli hazina tatizo hili, na ndiyo maana kwa kazi ya injini ni bora kubaki kwenye faili la awali kuliko lile lililotayarishwa kwa ajili ya kuchapisha.

Turudi kwenye kufunga. Parasolid inazihesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa karibu kuliko mita 0.00000001, yaani sehemu moja ya laki moja ya milimita. Chochote kikubwa zaidi ya hapo ni mlango. Pistoni haigusi ukuta wa silinda. Kuna mwanya wa sehemu ndogo za milimita kuizunguka, na kwenye injini halisi ringi ndizo zinazouziba. Kwenye mchoro, ringi mara nyingi huchorwa kama pete zilizolegea ndani ya mifereji yake, na kila ringi ina mkato wake. Kwa macho ya kompyuta, chumba kimeungana na kasha zima la krenki lililo chini, ambalo nalo limeungana na anga kupitia tundu la kupumulia. Mbunifu aliyetegemea cc 15.5 anaweza kuambiwa kwamba hakuna nafasi yoyote iliyofungwa, au akapewa lita nzima. Valvu iliyochorwa ikiwa juu ya kiti chake kwa tofauti ya milimita 0.02 inafanya vivyo hivyo: chumba kinaungana na njia ya hewa hadi kwenye kabureta.

Kwa hiyo lazima mtu aweke vifuniko. Kifuniko hapa ni uso uliochorwa makusudi kuziba uwazi ambao kwenye kitu halisi unazibwa na kitu kingine, au hauzibwi kabisa. Na uso huo hauwezi kuwekwa bila kuamua. Chumba cha injini kinaishia wapi upande wa chini? Ukiweka kifuniko usawa wa kichwa cha pistoni, umeuacha nje ule mwanya mwembamba unaozunguka pistoni juu ya ringi ya kwanza. Tuseme mwanya ni robo milimita na ringi iko milimita 5 chini: ni milimita za ujazo 221, cc 0.22, zaidi ya asilimia 1 ya chumba. Gesi inabanwa humo kama kwingine, kwa hiyo kwa mgandamizo ni sehemu ya chumba. Lakini moto hauwezi kuingia kwenye upenyo finyu kiasi hicho. Petroli iliyojificha humo haiungui, na ni mojawapo ya sababu za petroli mbichi kutoka kwenye bomba la moshi. Anayekokotoa mgandamizo ataihesabu nafasi hiyo. Anayefuatilia mwako ataitenga. Wote wawili wamechora vizuri na wote wawili wana haki, ila vifuniko vyao haviko mahali pamoja.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta, na mfano ulio bora zaidi uko baharini. Mwaka ule ule wa 1854 Amsler alipobuni planimita yake, Uingereza ilipitisha sheria ya meli za biashara iliyopokea mfumo wa George Moorsom wa kuzipima meli. Tani ya Moorsom haikuwa uzito. Ilikuwa ujazo wa ndani: futi za ujazo 100, takriban mita za ujazo 2.83. Meli ilipimwa nafasi zake zilizofungwa, na kwa namba hiyo ikatozwa ada za bandari na za taa. Basi wenye meli wakauliza swali ambalo kila mchoraji wa CAD analikuta: nafasi iliyofungwa ni ipi? Wakajenga sitaha ya ziada juu, wakaiacha na tundu lisilo na kifuniko cha kudumu. Kwa sheria, sehemu yote iliyo chini ya tundu hilo ilikuwa wazi, haihesabiwi. Kwa vitendo, tundu lilifunikwa kwa mbao, na mizigo ikapakiwa humo safari baada ya safari. Maelfu ya tani za uvungu zilisafiri duniani kote bila kuwapo kwenye karatasi, na meli zikajengwa dhaifu mahali fulani ili tu tundu lipatikane.

Mkataba wa kimataifa wa upimaji wa meli uliotiwa saini London mwaka 1969, na kuanza kutumika mwaka 1982, ulijaribu kuumaliza mchezo huo. Sasa unachukuliwa ujazo wa nafasi zote zilizofungwa, V, kwa mita za ujazo, na kuzidishwa kwa kipengele kinachokua polepole: 0.2 kujumlisha 0.02 mara logi ya V. Meli yenye mita za ujazo 10,000 inapata 0.28, yaani tani 2,800 za jumla, na ndiyo namba inayotajwa katika hati za meli inapotia nanga Mombasa au Dar es Salaam. Hata hivyo mkataba haukuweza kukwepa kuamua. Unasema kwamba jengo la juu ya sitaha likiwa na mwanya mwishoni wenye upana usiopungua asilimia 90 ya upana wa sitaha, nafasi iliyo mbele ya mwanya huo isihesabiwe, ila hadi umbali wa nusu ya upana wa sitaha tu; kutoka hapo kwenda ndani, inahesabiwa. Hakuna ukuta kwenye mstari huo. Baharia anapita bila kuona chochote. Ni kifuniko kilichochorwa na wanasheria, na nakiona kuwa cha haki, kwa kuwa kimewekwa hadharani na kwa meli zote sawasawa.

Uadilifu huo ndio ninaoutaka kwenye mchoro wa injini. Ujazo wa ndani usiandikwe peke yake kama namba tupu. Uandikwe pamoja na vifuniko vyake: pistoni iko juu kabisa, kifuniko cha chini kipo ukingo wa juu wa ringi ya kwanza, valvu zimekaa kwenye viti, plagi imekazwa hadi mwisho, gasketi ina unene fulani ikiwa imebanwa. Mistari miwili inatosha. Bila hiyo, mhandisi atakayelifungua faili miaka mitano baadaye atapima upya, atapata namba tofauti, na hatajua ni injini iliyobadilika au ni kifuniko.

Vifuniko vikishaamuliwa, kazi iliyobaki ni ya mikono zaidi, na zipo njia kadhaa. Ninayoipendelea ni kumwaga kipande. Chora silinda iliyojaa, pana kidogo kuliko silinda ya injini, ikianzia usawa wa ringi ya kwanza na kuishia juu ya dari ya chumba, ili pande zake na sehemu yake ya juu zizame ndani ya metali. Uso wake wa chini ndio kifuniko chako. Kisha itoe metali yote humo: hedi, silinda, gasketi, valvu, plagi, pistoni. Kinachosalia ni chumba chenyewe, kimekuwa kitu, kina ganda lake, kinabofyeka. Pengine kitaambatana na vipande vingine, kwa mfano hewa iliyo nyuma ya valvu, vifute. Kama chumba na njia ya hewa vimebaki vimeshikana, valvu haijakaa kwenye kiti, na mkato wa katikati ya mchoro utakuonyesha ni wapi. Hilo pekee linanifanya niipende njia hii: inapokosea, kosa linaonekana kwa macho.

SolidWorks ina amri iitwayo Intersect, na Fusion ina Boundary Fill. Ukizipa vipuri na nyuso za kuzibia, zinatafuta zenyewe nafasi zilizofungwa na kukuuliza unataka ipi. Zina kasi. Programu za kukokotoa mtiririko wa maji na hewa nazo hutoa ujazo wa umajimaji kabla ya kuanza kazi, na zenyewe humtaka mtumiaji aweke vifuniko.

Njia ninayowaonya watu waiepuke ni ile ya mkato: kuligeuza umbo lote kuwa gogo lisilo na uvungu, kulipima, kisha kutoa jumla ya ujazo wa vipuri. Kwenye karatasi inaonekana haina dosari. Lakini michoro ya vipuri vilivyounganishwa huwa imejaa metali iliyoingiliana. Boliti ya M8 huchorwa ikiwa na kipenyo cha milimita 8, na tundu lake lenye nyuzi huchorwa kwa milimita 6.8, kipenyo cha keekee. Kwa kila boliti iliyoingia milimita 15, kiasi cha milimita za ujazo 209 za metali kinahesabiwa mara mbili: mara moja kama boliti, mara ya pili kama bloku. Boliti nne ni cc 0.84, na zote zinatolewa kwenye uvungu kimakosa. Mpira wa kuzuia mafuta uliochorwa mviringo kamili ilhali kwenye mfereji wake umebanwa hufanya vivyo hivyo. Isitoshe, njia hiyo hujumlisha kila uvungu uliomo, hata vishimo vya chini ya boliti visivyofikiwa na tone la mafuta.

Gasketi inastahili aya yake. Kwa silinda ya milimita 56.5, kila milimita moja ya unene wa gasketi ni cc 2.5 za chumba. Tofauti ya milimita 0.4 inatosha kuleta ile cc moja iliyotikisa uwiano mwanzoni mwa hesabu yetu. Gasketi hubanwa boliti zinapokazwa, na unene ulioandikwa na muuzaji unaweza kuwa wa kabla ya kubanwa. Mchoraji anayeuingiza unene huo kama ulivyo amekosea zaidi kuliko kosa lolote la hesabu ambalo kompyuta ingeweza kulifanya. Fundi anayebadilisha gasketi nyembamba kwa nene, au anayepeleka silinda hedi ikakwanguliwe ili inyooke baada ya kupinda kwa joto, anaubadilisha ujazo huu huu kwa mikono yake, na mafundi wazuri wanalijua hilo vizuri bila kugusa kompyuta.

Wao wana kipimo chao, na mbunifu mwenye busara hukiomba. Silinda hedi inapinduliwa, valvu na plagi zikiwa mahali pake na grisi kidogo kwenye viti. Juu ya bonde kinabandikwa kibao cha plastiki kinachopitisha nuru, chenye tundu dogo, nacho kimepakwa grisi pembeni. Hedi inainamishwa kidogo ili tundu liwe juu. Kisha kutoka kwenye bureti, mrija wa maabara wenye alama, yanadondoshwa mafuta mepesi au spiriti yenye rangi, tone kwa tone, hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Kilichopungua kwenye bureti ndicho ujazo wa bonde. Unaongezwa ujazo wa gasketi na wa pengo lolote lililobaki juu ya pistoni na kuizunguka hadi ringi ya kwanza, unatolewa wa kibinuko cha pistoni kama kipo. Umajimaji hauhitaji kuambiwa ukuta uko wapi. Unakwenda hadi kwenye ukuta uliopo kweli, si ule uliochorwa: alumini iliyotoka kwenye kalibu ikiwa na tofauti zake, kona ambazo mchoro ulizionyesha kali na kalibu ikaziviringa, nyuzi za plagi zilizobaki wazi mlangoni. Bureti na programu zikitofautiana kwa cc 0.1, ni jambo la kawaida. Zikitofautiana kwa cc 1, anayepaswa kuhojiwa kwanza ni mtu aliyeweka vifuniko.

Injini haina upande salama wa kukosea: chumba kidogo kinagonga, kikubwa kinadhoofika. Vitu vingine vina upande, na mpimaji anatakiwa kuujua kabla ya kukubali namba. Chukua visanduku vya umeme vinavyowekwa penye mvuke wa petroli au gesi, kwenye maghala ya mafuta na viwandani. Visanduku vya aina hii havizibwi visiingize mvuke. Vinajengwa ili mvuke ukiwaka ndani, kisanduku kistahimili mlipuko, na gesi ya moto inayotoka kupitia maungio yake ipoe njiani isiwashe mvuke wa nje. Kiwango cha kimataifa IEC 60079-1 kinaeleza upana wa mwanya unaoruhusiwa na urefu wa maungio, na moja ya mambo yanayoamua ni ujazo wa ndani ulio huru: hadi sentimita za ujazo 100, kutoka 100 hadi 500, kutoka 500 hadi 2,000, na kuendelea. Kadiri uvungu unavyokua ndivyo masharti yanavyokaza. Vifaa ambavyo kisanduku hakifanyi kazi bila wao vinatolewa kwenye hesabu. Waya wa ziada ambao kesho fundi anaweza kuuondoa, kwa maoni yangu, usitolewe kamwe.

Tuseme programu imetoa cc 496. Kwenye injini ningeitafuta ile desimali inayokosekana. Hapa hapana haja. Nyaya zimechorwa nene kuliko zilivyo, kuta za kisanduku hutoka kwenye kalibu zikiwa na tofauti zake, na relei iliyomo inaweza kubadilishwa kwa ndogo zaidi baada ya miaka mitatu. Kila moja ya hizo inaweza kuusukuma ujazo halisi juu, kuelekea upande ambao mwali unaweza kutoka nje. Kisanduku hicho kichorwe maungio ya daraja la zaidi ya 500, hata kama fundi mitambo atalazimika kuongeza milimita kadhaa za chuma kuzunguka mlango mzima.